Bwana Asiyeonekana: Yazidi, Kaisari na Hukumu ya Aliye Mbali katika Tenzi za Tanga



Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa wafalme wengi. Huko Berlin, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alifariki tarehe 9 Machi. Mwanawe, Friedrich wa Tatu, alitawala siku 99 tu, akafariki tarehe 15 Juni. Kisha akaketi mjukuu, Wilhelm wa Pili. Unguja nako Seyyid Barghash alifariki mwezi huo huo wa Machi, akarithiwa na nduguye, Seyyid Khalifa. Mkataba uliokodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kuanzia mto Umba hadi mto Ruvuma, kwa muda wa miaka 50, ulitiwa saini tarehe 28 Aprili, yaani katika siku za Kaisari wa kati. Ulipoanza kutekelezwa mwezi Agosti, Kaisari alikuwa mwingine. Watu wa Pangani na Tanga hawakumtia machoni hata mmoja wa watatu hao, na mabadiliko hayo makubwa ya Ulaya hayakubadili chochote katika yale yaliyowafika. Kiti kilikuwa mbali, na kilitoa amri hata kilipobadili mkaaji.

Nimeanza na tarehe hizi kwa sababu mada yangu ya leo ni mhusika ambaye wasomaji wa riwaya za fantasia wanamfahamu vizuri: bwana wa giza asiyeonekana. Katika kitabu cha J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings, kilichotoka kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955, hasimu mkuu, Sauron, hatokei mbele ya msomaji kama mtu anayeketi, anayesema na kupigana. Tunamjua kwa jicho, kwa kivuli, kwa majeshi yake na kwa wajumbe wake. Waandishi wengi wa fantasia waliofuata wameiga mbinu hiyo, wengine kwa ustadi, wengine kwa uvivu, maana ni rahisi kumtisha msomaji kwa kitu ambacho mwandishi mwenyewe hakulazimika kukichora.

Kwa bahati, mwaka huo huo wa 1955, wakati juzuu ya mwisho ya Tolkien inatoka London, ulichapwa kwa mara ya kwanza utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, pamoja na tafsiri ya J.W.T. Allen. Utenzi ulikuwa umetungwa miongo mingi kabla. Sidai kwamba kazi hizi mbili zina uhusiano, hazina. Ninachodai ni kwamba watunzi wa pwani hii ya kaskazini walikuwa wamelishughulikia suala la bwana asiyeonekana kabla halijawa mtindo wa riwaya, na walilishughulikia kwa namna tofauti. Kwao halikuwa suala la hofu. Lilikuwa suala la hukumu: aliye mbali, asiyeonekana, ambaye jina lake linatajwa na kila anayepiga, je, anaweza kuhukumiwa? Na akihukumiwa yeye, waliopiga wanabaki na nini?

Naomba radhi kwa waliokuja wakitarajia mhadhara juu ya majini. Majini wa pwani wanaonekana zaidi kuliko watawala wake.

Utamaduni wa tenzi una wafalme wengi wa ukafiri wanaotajwa kabla ya kuonekana. Katika Chuo cha Herkal, kilichotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, mfalme wa Rumi ni mtu anayeandikiwa barua. Katika Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, uliohaririwa na Leo van Kessel na kuchapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, jina la hasimu linafika Madina kabla yake, midomoni mwa mwanamke anayeshtaki. Lakini katika tenzi za namna hii umbali ni wa muda tu. Shujaa atasafiri, uwanja utapatikana, na hasimu atakutana na upanga. Hadhira iliyokaa kusikiliza inajua hivyo tangu ubeti wa kwanza, na inastarehe.

Karbala ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo Hemedi wa Tanga anapotuhusu kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa kazi zake ni Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, uliochapwa na East African Literature Bureau mwaka 1965. Kisa chenyewe ni cha mwezi wa Muharramu, mwaka 61 Hijria, sawa na Oktoba 680. Tuangalie jinsi mamlaka yalivyopangwa ndani yake. Yazidi bin Muawiya yuko Dameski. Liwali wake, Ubaidullahi bin Ziyad, yuko Kufa, mji ambao jina lake kwa sikio la Mswahili halihitaji tafsiri. Jeshi lililoko uwanjani linaongozwa na Umar bin Saad. Shamir ni mkono wenyewe. Kati ya hao wanne, wawili wakubwa hawakuwapo Karbala. Huseni aliuawa na watu waliotumwa na mtu aliyetumwa, na kilichowaunganisha ni barua.

Basi ikazuka mas'ala ambayo wanazuoni wameyajadili kwa karne nyingi: je, inajuzu kumlaani Yazidi? Al-Ghazali, imamu wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wa watu wa pwani yetu, alishikilia kwamba haijuzu, kwa kuwa haikuthibitika kwamba Yazidi aliua wala kwamba aliamuru kuuawa, na kumsingizia Mwislamu dhambi kubwa bila ya uthibitisho ni dhambi. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, mwanachuoni wa Kihanbali, aliandika kitabu kizima kumjibu mtu aliyekataza Yazidi asilaumiwe. Sitaingia katika hukumu yenyewe. Si kazi yangu. Lakini tazameni umbo la hoja. Al-Ghazali hakusema Yazidi ni mwema. Alisema kwamba aliye mbali ana kinga moja ambayo aliye karibu hana: baina yake na damu pana watu, na kila mtu aliye baina anaweza kuwa ndiye aliyezidisha.

Kiswahili kina usemi kwamba mjumbe hauawi. Ni usemi wa busara, nao unalinda njia ya mazungumzo kati ya mahasimu. Lakini kisa cha Karbala kinaugeuza usemi huo pande zote mbili. Muslim bin Aqil, mjumbe wa Huseni, anauawa Kufa kabla msafara haujafika. Kwa upande mwingine yupo Hurri, kamanda aliyetumwa na Ibn Ziyad kumzuia Huseni njiani. Aliitekeleza amri hiyo. Kisha, siku ya vita, akavuka uwanja kwa farasi wake, akajiunga na wale aliotumwa kuwazuia, akafa pamoja nao. Hurri ndiye anayewanyima wengine udhuru. Baada yake, hakuna askari wa Umar bin Saad anayeweza kusema, "Mimi nimetumwa tu," kwa kuwa aliyetumwa pamoja naye amekwisha kuonyesha kwamba njia ilikuwapo.

Hadhira iliyolelewa na kisa hiki ndiyo iliyowaona Wadachi wakishuka.

Tuanze na anwani ya utenzi, kwa sababu wanafunzi huipita haraka. Kutamalaki ni neno la asili ya Kiarabu, la shina moja na miliki na mamlaka: kukishika kitu kikawa chako, na hapo hapo kukitawala. Mtendaji wa kitenzi hicho ni Wadachi, jina la zamani la Wajerumani litokanalo na jinsi wanavyojiita wenyewe. Anwani haina jina la mfalme wala la kampuni. Imetaja watu na pwani, na mwaka 1307 wa Hijria, unaoangukia 1889 na 1890. Kwa mtunzi aliyeandika pia juu ya Yazidi, kutoweka mfalme katika anwani si jambo dogo. Naona hapa mtu anayetaja kile kilichoonekana.

Na kilichoonekana kilikuwa nini? Mkataba wa Aprili 1888 uliitaka Kampuni itawale kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Kampuni yenyewe ilikuwa na hati ya ulinzi ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza ya tarehe 27 Februari 1885. Kwa hiyo kijana aliyeshuka Pangani mwezi Agosti, Emil von Zelewski, alibeba mabwana wawili wasioonekana kwa mpigo: Kaisari asiyewahi kufika, na Sultani ambaye watu wa Mrima walimjua kwa bendera, kwa forodha na kwa liwali. Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya mlingoti. Zelewski alitaka bendera ya Kampuni ipepee. Liwali wa Pangani akakataa. Wanamaji wa Kijerumani wakaitwa, na bendera ya Sultani ikateremshwa. Msomaji wa leo anaweza kuiona habari ya vitambaa kuwa ni ndogo. Katika utawala ambao bwana wake haonekani, bendera ndiyo uso wake. Wakati huo huo watu walilalamika kwamba Wajerumani waliingia msikitini na mbwa. Kufikia Septemba umati wa Pangani ulikuwa umemfungia Zelewski nyumbani kwake, hata akaja kuokolewa na Lloyd Mathews, jemadari wa Kiingereza wa Sultani. Mwezi huo huo Tanga ilipigwa kwa mizinga kutoka melini.

Aliyejitokeza kuongoza vita, Abushiri bin Salim al-Harthi, alikuwa mtu wa kuonekana mno. Alikuwa na mashamba ya miwa Pangani. Alikuwa na watumwa. Na alikuwa na uhasama wa muda mrefu na Mabusaidi wa Unguja. Mwaka huo huo wa 1888 aliwateka wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, akawatia minyororo, kisha akawaachia kwa fidia. Baumann akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1890, na Meyer akarudi. Tarehe 6 Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller, Meyer alifika kilele cha Kibo, akakiita Kilele cha Kaiser Wilhelm. Mateka wa Pangani ndiye aliyelipandisha jina la asiyeonekana hadi mahali pa juu kuliko pote barani. Baadaye kilele hicho kiliitwa Uhuru.

Sasa naomba mwende nami Berlin kwa muda mfupi, kwa maana huko mchezo wa bwana asiyeonekana ulichezwa kinyume. Kampuni ilikuwa imeshindwa, na Bismarck alihitaji fedha za Bunge. Vita vya pwani vikaitwa uasi wa Waarabu, vikahusishwa na biashara ya watumwa, na mapema mwaka 1889 Bunge likapitisha marki milioni mbili kwa ajili ya kukomesha biashara hiyo na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Kwa wabunge waliopiga kura, bwana wa giza alikuwa Abushiri. Hawakumwona, walimjua kwa sifa mbaya alizotangulizwa nazo, na kutoonekana kwake kuliwarahisishia kazi. Kwamba alimiliki watumwa ni kweli. Kwamba vita ile ilikuwa ya Waarabu peke yao, si kweli hata kidogo. Bwana Heri wa Saadani alikuwa Mswahili. Na utafiti wa Jonathon Glassman, uliotoka mwaka 1995 kwa jina la Feasts and Riot, umeonyesha kwamba waliojaa barabarani Pangani walikuwa pia watu wa chini, wapagazi, watumwa na wageni wa mji, waliokuwa na madai yao dhidi ya wakubwa wao wenyewe.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu, nami nakiri kwamba ninatofautiana na baadhi ya waliotufundisha. Baada ya uhuru ilikuwa kawaida kuusoma Utenzi wa Vita vya Wadachi kama utenzi wa taifa: mkoloni upande mmoja, mwananchi upande wa pili. Usomaji huo ulikuwa na faida yake, lakini una gharama. Ukimfanya adui kuwa nguvu moja kubwa ya giza iliyotoka ng'ambo, unawafuta watu wote walio baina: Sultani aliyetia saini, wakubwa wa miji walioona faida na baadaye wakajuta, askari wa Kisudani walioandikwa Misri, na wale Wazulu, kama walivyoitwa, walioandikwa Msumbiji, ambao ndio waliokuwa jeshi la Hermann von Wissmann alipofika mwaka 1889. Kikosi hicho ndicho kilichoivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo mwezi Mei na kuirudisha Pangani mikononi mwa Wajerumani mwezi Julai. Abushiri mwenyewe alikamatwa bara, baada ya kusalitiwa. Kila hatua ina mtu mwenye jina na mkono. Mtunzi aliyekijua kisa cha Karbala hawezi kuwa alikuwa kipofu kwa mnyororo huo, na msomaji asiyeutafuta katika beti zake anamsoma kama Tolkien.

Nafafanua ulinganisho huu, usije ukaonekana wa dharau. Katika kitabu cha Tolkien, Pete inapoangamia, Sauron anaanguka, minara inaporomoka, na majeshi yake yanatawanyika kama wadudu waliopoteza malkia wao. Uovu ulikuwa na shina moja. Ni mwisho mzuri wa hadithi. Lakini historia ya mwaka 1888 inatuonyesha Makaisari wawili wakifa ndani ya miezi minne bila hata mlingoti mmoja kutikisika Pangani.

Baada ya vita, bwana yule yule asiyeonekana aligeuzwa kuwa wa kusifiwa. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa na shule ya serikali ya Tanga kuanzia mwaka 1904 hadi 1916, lilikuwa shule ya nathari ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na pia sauti ya dola. Siku ya kuzaliwa Kaisari, tarehe 27 Januari, ilikuwa sikukuu katika koloni zima. Tungo za wakati huo, nyingi zikiwa za sifa, zilikusanywa upya mwaka 2002 na Gudrun Miehe na wenzake katika kitabu kiitwacho Kala Shairi. Wako wanaozisoma kwa aibu. Mimi naziona kuwa ushahidi mzuri wa namna mtunzi anavyomsifu mtu asiyemjua: anaazima sifa za masultani na kumvika.

Kutoka Kiongozi hadi Shaaban Robert ni safari fupi, kwa miaka na kwa maili. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909, chini ya Kaisari yule yule. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, na miongoni mwa vituo vyake ulikuwamo Pangani, mji ambao Kampuni iliutaka kwanza kabisa kwa ajili ya ushuru. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, uliochapwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, una beti zipatazo 3,000, na hasimu wake mkuu ni Hitler. Tunamkuta tena mtunzi wa Tanga akisimulia vita vikubwa vya mtu asiyemwona, vinavyomfikia kwa maandishi na kwa masimulizi ya mbali. Tofauti ni kwamba safari hii mtumishi wa giza alikuwa jirani: kabla ya vita, chama cha Nazi kilikuwa na wafuasi miongoni mwa walowezi wa Kijerumani wa Tanganyika, hadi walipokamatwa mwezi Septemba 1939.

Wahakiki wamemlaumu Shaaban Robert kwa anwani ile. Uhuru wa nani, wanauliza, wakati Tanganyika yenyewe ilikuwa chini ya mfalme mwingine aliye mbali? Lawama ina msingi. Hata hivyo mtu huyo huyo, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alibuni nchi iliyo angani na kesi ambayo mashtaka yake yanaletwa na waziri, Majivuno. Katika nchi ya kubuni, ambako hakubanwa na habari za vita wala na karani mkuu wa ofisi, alimweka msomaji mbele ya yule anayesema kwa niaba ya kiti, akamlazimisha amsikilize hoja kwa hoja. Kwa maoni yangu ni hapo, si katika utenzi wa Hitler, ndipo alipokuwa mrithi wa kweli wa Hemedi bin Abdallah.

Nimalizie swali la Al-Ghazali mahali ambapo hakulipeleka yeye. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 227, uliamuru Wilhelm wa Pili afikishwe mbele ya mahakama maalumu ya mataifa. Makosa yaliyotajwa yalihusu vita vya Ulaya; Mrima haikutajwa. Uholanzi, alikokimbilia, ilikataa kumtoa. Aliishi Doorn katika nyumba yenye bustani, akafariki huko tarehe 4 Juni 1941, bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Abushiri, ambaye hakuwahi kumwona Kaisari huyo, alinyongwa Pangani kwa amri ya Wissmann tarehe 15 Desemba 1889, muda mfupi baada ya kukamatwa kwake.